Jipu la kwato linalorudi palepale

Punda akichechemea huku Dar, neno la kwanza utakalosikia ni msumari. Mara nyingi ni kweli, maana vichochoro vya Mbagala na Kigamboni vimejaa misumari, vipande vya nondo na chupa. Kwato inatobolewa, usaha unajaa ndani, daktari anafungua, unatoka, na mnyama anarudi kwenye mkokoteni.

Mimi nazungumzia lile jipu linalopona kisha linarudi palepale. Punda wangu dume jipu hilo lilimsumbua mguu wa mbele, kwenye ncha ya kwato. Anapata nafuu, anabeba madumu ya maji, halafu anachechemea tena. Kijana anayemwendesha akawa ananiambia, "Bosi, huyu anadeka tu." Punda hadeki! Ni mnyama anayeficha maumivu, kwa hiyo ukimwona anachechemea waziwazi ujue ameshavumilia vya kutosha.

Inua kwato, isugue kwa brashi na maji, kisha tazama pale ukuta wa kwato unapokutana na soli. Kuna mstari mweupe wenye umanjano kidogo, na unatakiwa kufuata ukingo wa kwato. Kwa dume langu ulikuwa umepinda, umeingia kuelekea katikati ya soli. Daktari wa mifugo alipouona aliweka kisu chini, akasema tutafute eksirei kwanza. Tukampeleka Morogoro. Picha ikaonyesha mfupa wa ndani ya kwato umelika, pana pengo la mviringo lenye kingo laini.

Hiyo inaitwa keratoma. Ni uvimbe wa keratini, kitu kilekile kinachojenga kwato, unaoota kati ya ukuta wa kwato na mfupa. Si saratani ya kusambaa mwilini, lakini kadiri unavyokua unaukandamiza mfupa, na unapousukuma ule mstari mweupe unafungua njia ya vijidudu. Antibayotiki zitatuliza usaha tu, uvimbe utabaki.

Tiba ni upasuaji. Mnyama anapewa dawa ya kumtuliza, mguu unapigwa ganzi, sehemu ya ukuta wa kwato inakatwa na uvimbe unatolewa wote. Kikibaki kipande, unaweza kuota tena. Kabla ya kisu uliza habari ya kinga ya pepopunda, maana jamii ya farasi na punda hushikwa nayo upesi mno.

Kazi kubwa ni baadaye. Kwato hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, wakati mwingine hata chini ya hapo, hivyo pengo huchukua miezi mingi kuziba. Bandeji lazima ibaki kavu, na masika ya Dar mnayajua. Mimi niliinua sakafu ya banda kwa changarawe, na bandeji nikaivalisha kipande cha turubai. Mkokoteni sahau mpaka daktari aseme. Gharama nayo si ya mchezo, piga hesabu mapema na umuulize daktari bila aibu.

Halafu, akisafirishwa, msafirishe na mwenzake waliyezoeana. Punda akitengwa anaweza kugoma kula, na asipokula mafuta hujaa kwenye damu. Hali hiyo inaweza kumuua kabla hata kidonda hakijakauka. Kanta ukishaikodi, nauli ni ileile apande mmoja au wawili.