Kabla Hujaidai Ile Ahadi, Uliza Barua Iliandikiwa Nani

Mimi nauza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, hapa Masese, Jinja, Uganda, na kabla mtu hajaniuliza nani kanipa ruhusa ya kufundisha kuomba kwa ahadi za Biblia wacha niseme mapema, hakuna aliyenipa. Nasimulia tu pale nilipojikwaa ili wewe ukipita hapo uinue mguu.

Mwaka 2019, mvua za mwisho wa mwaka. Wanaojua mukene wanajua, ile kitu inaanikwa juu ya nyavu kuukuu, jua likiwaka vizuri siku moja imekauka, lakini mvua ikiipiga leo ikaipiga na kesho inalainika, inaanza kunuka, hakuna mama atainunua ya kula tena, inaenda kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kulia. Na mimi nilikuwa nimekopa shilingi milioni moja na laki nne nikaziweka zote kwa mzigo mmoja. Mvua ikanyesha siku nne.

Sasa nifanyeje, na mimi ni mlokole. Nikachukua Filipi 4:19, "Na Mungu wangu atawajazeni kila mnachokihitaji kwa kadiri ya utajiri wake, katika utukufu, ndani ya Kristo Yesu," nikaiandika kwa karatasi nikaibandika juu ya kitanda, nikaiweka stetasi ya WhatsApp, nikaenda ovanaiti, ule mkesha wa maombi, nikaitangaza mpaka sauti ikakauka. Kulikuwa na mhubiri mgeni, akasema ahadi bila mbegu, yaani sadaka, ni kama cheki bila saini, nikatoa elfu hamsini ambayo ilikuwa ya karo ya mtoto. (Jina lake silitaji, na yeye nadhani hata hanikumbuki.) Mwezi ukaisha. Mwenye pesa zake akawa anakuja asubuhi na mapema, anakaa mlangoni kwangu, anakunywa chai yangu, ananingoja. Na kilichoniuma zaidi hata si deni, ni kwamba nilianza kumwona Mungu kama mtu aliyenipa cheki, nimefika nayo benki imekataliwa.

Kuna mama mzee tunasali naye feloshipu ya Walukuba, sisi wote tunamwita Jaja, yaani bibi, mume wake alikuwa mwanajeshi kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina kubembeleza. Nikamwendea nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza maswali mawili. La kwanza, "Turubai unayo?" Sikuwa nayo. La pili, "Hiyo barua ya Filipi waliandikiwa nani, na walikuwa wamefanya nini?"

Nilikuwa nimeutangaza huo mstari mwezi mzima, sijui.

Akanifungulia sura yote. Kumbe Paulo yuko kifungoni, na wale watu wa Filipi walimtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, na ndio anawashukuru anawaambia Mungu atawajaza na nyinyi. Na mistari michache tu juu yake anasema amejifunza kushiba na kuona njaa. Yani mwenye kuandika ile ahadi mwenyewe alikuwa analala njaa siku zingine! Mimi ile sehemu sikuibandika ukutani.

Tukaenda kwa Yeremia 29:11, ile ya "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi," mstari wa kila kadi ya grajueshoni. Jaja akasema anza mstari wa kwanza. Ni barua kwa mateka walioko Babeli, wanaambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani, waoe, wauombee mema mji wa adui zao, kwa sababu kurudi kwao ni baada ya miaka 70. Sabini! Wengi waliosomewa ile barua walikuwa wanaambiwa kwa upole kwamba watazikwa huko. Ahadi ni ya kweli na haikuanguka, ila haikuwa ya mwisho wa mwezi. Halafu ukienda Danieli sura ya 9 unamkuta mzee Danieli huko huko Babeli anasoma maandiko ya Yeremia, anahesabu ile miaka 70, na akishaona muda umekaribia hapigi kelele za kudai, anavaa gunia na majivu, anafunga, anaungama dhambi za watu wake. Hayo ndiyo maombi yake na ahadi mkononi.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi tusiombe na ahadi, mimi naomba nazo kila siku na bila hizo sijui ningesema nini saa kumi usiku. Ninachosema ni kwamba kuna kumkumbusha Mungu neno lake na kuna kumshika Mungu shati. Hata Shetani alinukuu Zaburi 91 pale juu ya kinara cha hekalu, nendeni mkalinganishe na Mathayo 4:6, maneno ya "katika njia zako zote" hayapo, na Yesu akamjibu kwamba usimjaribu Bwana Mungu wako.

Hii Zaburi 91 mimi ina deni langu. Jirani yangu mtoto wake aliugua malaria, nikamwambia kwa kujiamini kabisa kwamba imeandikwa tauni haitaikaribia hema yako, kwa hiyo mtoto hafi. Mtoto alikufa Alhamisi. Nilishindwa hata kuingia matangani, nikasimama nje na wanaume. Baadaye sana, labda miezi mitatu, nilimfuata yule jirani, sikubeba ahadi yoyote, nikamsomea Zaburi 13, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Akaniambia hii ndiyo ninayoisema kila usiku, sikujua imo kwenye Biblia. Kwa hiyo ushauri wangu kwa hili ni mfupi. Usimdaie mtu mwingine ahadi kwa mdomo wako halafu ukaenda kulala.

Aliyenifundisha kuomba vizuri ni Yakobo, Mwanzo 32. Anarudi nyumbani, anasikia Esau anakuja na watu mia nne. Sasa angalia anavyoomba. Anasema wewe Bwana ndiwe uliyeniambia rudi, nami nitakutendea mema, hapo anarudisha neno aliloambiwa yeye mwenyewe, si la jirani. Anasema sistahili, niliuvuka huu Yordani na fimbo tu. Halafu anatoa lililo moyoni, niokoe na mkono wa ndugu yangu kwa maana namwogopa. Anamtaja kwa jina, Esau, na hoja yake anaifunga tena na "nawe ulisema." Na akimaliza kuomba haendi kulala tu, anachagua mbuzi mia mbili na wengine ishirini, kondoo, ngamia, ng'ombe, punda, anawatanguliza kama zawadi ya kumpoza kaka yake. Mimi nikisoma hapo nasikia Jaja anauliza habari ya turubai.

Kwa hiyo nikaanza daftari, lile la kurasa 96. Nikipata mstari nasoma sura nzima kwanza, naandika ni nani aliambiwa na kwa nini, na kama kuna "kama" ndani yake, yaani sharti, naiandika pia, hatupendi hizo "kama." Halafu chini naandika maombi kwa maneno yangu. Ya kwanza kabisa bado ninayo, Waebrania 13:5, nimeandika: Bwana umesema hutanipungukia kabisa wala hutaniacha kabisa, na hapo hapo umesema niwe radhi na nilivyo navyo, hiyo ya pili inanishinda. Kesho mwenye deni anakuja na mimi namwogopa. Kaa na mimi akija.

Alikuja. Nikamwambia ukweli badala ya kujificha jikoni kama wiki zilizopita, tukapanga elfu ishirini na tano kila wiki, na ilichukua zaidi ya mwaka. Hakuna mtu aliyenitumia pesa ya simu usiku wa manane, samahani kwa waliokuwa wanangojea hiyo sehemu.

Kuna ukurasa wa kaka yangu na pombe yake, upande wa kushoto umejaa mistari, upande wa kulia, wa majibu, bado mweupe mwaka wa tano huu. Leo Masese kumefunga mawingu tangu saa nne, nimeshafunika mzigo, naandika haya nimekaa juu ya pembe ya turubai upepo usiichukue.