Ukiwa na saa mbili Berlin, zitumie kwa miguu

Kila mwezi Machi, watu wa utalii kutoka Arusha, Moshi na Zanzibar huenda Berlin kwenye maonyesho ya utalii ya ITB. Wengi wetu tunaujua mji huo kwa dirisha la treni tu: hotelini, ukumbini, chakula cha jioni na wateja, kisha uwanja wa ndege. Nimehudhuria maonyesho hayo miaka kadhaa, na kila anayekwenda kwa mara ya kwanza huwa namwambia jambo moja. Tenga asubuhi moja, vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, ujiunge na matembezi mafupi yanayoongozwa na mtu anayeujua mji. Saa mbili zinatosha, mradi uchague vizuri.

Kazi yangu ni kuongoza wageni, kwa hiyo nikiwa nyuma ya mwongozaji wa mji wa wengine masikio yangu hayapumziki. Namtazama anavyokusanya watu, anavyosimama upepo usimchukulie sauti, anavyomjibu mgeni aliyeuliza swali gumu. Kwa miaka hiyo nimejifunza kwamba matembezi mafupi mazuri ni yale yanayofuata habari moja. Berlin ina kilomita za mraba karibu 890. Tangazo likikuahidi Berlin yote kwa saa mbili, lipite. Utaonyeshwa majengo ishirini, na jioni utabaki na picha za majengo usiyoyajua majina. Tafuta yale yanayosema wazi: Ukuta uliowahi kuugawa mji Mashariki na Magharibi, au enzi za Hitler, au Wayahudi wa Berlin, au ukoloni. Vituo sita au saba, kila kimoja dakika kumi na ushee. Hapo mwongozaji anapata nafasi ya kueleza, na wewe unapata nafasi ya kuuliza.

Kuhusu yale ya "bure", ambayo hutangazwa sana mtandaoni na kuanzia karibu na Lango la Brandenburg: hayana ubaya wowote, nimeyafanya na nimefaidika. Ila elewa yanavyokwenda. Mwongozaji hana mshahara wa siku ile, anategemea tipu, na katika makampuni mengi yeye ndiye anayelipa kampuni kwa kila kichwa kilichojiandikisha. Ukiondoka kimyakimya katikati ya safari, umemwachia hasara. Sisi tunaoishi kwa tipu za wageni tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Weka mfukoni noti ya euro kumi, au kumi na tano kama amekufurahisha. Na ukijiandikisha halafu ukashindwa kwenda, jiondoe kwenye orodha mapema.

Sasa nieleze njia ninayoipendekeza.

Langoni pale Pariser Platz utaambiwa kwamba lilijengwa kati ya 1788 na 1791. Sawa, lakini usiishie kutazama juu. Vuka upande wa magharibi, utazame barabarani: kuna safu mbili za mawe zilizopangwa sambamba, zimezama kwenye lami, magari yanapita juu yake. Ndipo Ukuta ulipopita, tangu Agosti 13, 1961 hadi usiku wa Novemba 9, 1989. Mtu akiweka mguu mmoja huku na mwingine kule anaelewa kwa mwili wake kitu ambacho kitabu hakimwelezi. Mwongozaji mzuri atawaacha mfanye hivyo kabla hajafungua mdomo.

Mkienda kusini dakika chache mtafika kwenye Ukumbusho wa Wayahudi wa Ulaya waliouawa, uliofunguliwa 2005. Ni nguzo 2,711 za zege, nyingine fupi kama kiti, nyingine zimekupita kimo mara mbili na zaidi. Ardhi yake inashuka na kupanda, kwa hiyo ukiingia katikati sauti za mji zinapungua na mwenzako anapotea machoni. Ingia peke yako. Usipande juu ya nguzo wala usipige picha za kuruka. Watu wanafanya hivyo na inaumiza kutazama. Pale nampima mwongozaji kwa jambo moja tu: kama anajua kunyamaza.

Kutoka hapo makundi mengi hupelekwa kwenye maegesho ya magari ambayo chini yake palikuwa na handaki alimofia Hitler. Hapana cha kuona zaidi ya kibao na magari ya watu wanaoishi jirani, na nadhani ni sawa pawe hivyo.

Ila hatua chache kutoka maegesho hayo ipo Wilhelmstraße, na penye namba 92 ndipo ninapotaka kila msomaji wangu asimame. Hapo palikuwa na jumba la Kansela Otto von Bismarck. Ndani yake, kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa kuijadili Afrika, na Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Jumba halipo tena. Leo ni maghorofa ya kuishi ya enzi za Ujerumani Mashariki, yenye roshani na baiskeli zilizofungwa mlangoni, na kando ya njia ya waenda kwa miguu umesimamishwa ubao wa kumbukumbu. Makundi mengi yanaupita bila kugeuza shingo, yakiwahi kituo kinachofuata.

Kwa hiyo mwombe mwongozaji. Mwombe kabla hamjaanza, mkiwa bado mnasubiriana, si katikati ya njia ambapo tayari anapigana na muda. Mwambie unatoka Tanzania, au Kenya, au Kongo, na ungependa dakika tano Wilhelmstraße. Nimewahi kuomba hivyo, na mwongozaji, kijana mpole sana, alisimamisha kundi zima. Watu wa kutoka mabara mengine walinizunguka kuuliza, na zile dakika tano ziligeuka robo saa. Mwongozaji akikataa, usigombane naye. Maliza matembezi, urudi mwenyewe, ni mwendo wa dakika kumi tu kutoka langoni.

Na ukisimama pale, uwe na habari sahihi. Husemwa mara kwa mara kwamba mipaka yetu yote ilichorwa mezani siku zile kwa rula. Sivyo. Mkutano ulihusu zaidi biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, pamoja na masharti ya taifa la Ulaya kudai pwani mpya, na ulimwezesha Mfalme Leopold wa Ubelgiji kupata Kongo. Mstari unaotenganisha Kenya na Tanzania ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, yakafuatiwa na ya 1890. Lakini kwetu sisi kuna jambo lililokwenda sambamba na mkutano ule. Novemba na Desemba 1884, wajumbe wakiwa wanakula na kunywa Berlin, Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni, alikuwa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za watemi na wazee kwenye karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Februari 27, 1885, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatia saini waraka wa kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake. Mtu wa Morogoro akisimama Wilhelmstraße anasimama kwenye historia ya nyumbani kwao, na anastahili kuijua kwa tarehe zake.

Ukiwa na muda zaidi, panda treni ya chini ya ardhi ya mstari wa U6 kwenye kituo cha Unter den Linden, uelekee kaskazini. Mstari huo mmoja utakufikisha sehemu mbili za maana.

Ya kwanza ni kituo cha Naturkundemuseum, penye makumbusho ya viumbe asilia. Ukumbi mkubwa una mifupa ya dinosaria yenye kimo cha zaidi ya mita 13, na ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913. Wazungu waliosimamia majina yao yanajulikana. Waliochimba na kubeba kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi walikuwa mamia ya watu wetu, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Simama chini ya shingo ile, uangalie mfupa mmoja wa mguu wa mbele ulivyo mrefu kuliko mtu mzima, halafu fikiria njia ya Tendaguru wakati wa jua kali. Jumatatu makumbusho yanafungwa, kwa hiyo panga siku.

Ya pili iko Wedding, kwenye mtaa unaoitwa wa Kiafrika. Teremka Rehberge au Afrikanische Straße. Huko utakuta Sansibarstraße, Usambarastraße, Ugandastraße, majina yaliyotundikwa kwa fahari ya himaya. Barabara iliyopewa jina la Peters mwaka 1939, yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu, ilibaki na jina Petersallee hadi Agosti 2024. Mwaka 1986 ilikuwa imetangazwa tu kwamba Peters anayekusudiwa sasa ni mtu mwingine, na vibao vikabaki vilevile. Leo sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Nilipokisoma kibao hicho niliganda kwa muda. Babu zetu wa Matumbi, Songea na Mahenge waliopigana 1905 hadi 1907 wana barabara Berlin, na haikupatikana kwa hisani. Watu walitembea mitaa hiyo miaka na miaka wakidai. Mmoja wao ni Mzee Mnyaka Sururu Mboro, Mtanzania wa Kilimanjaro, ambaye amewaongoza wageni kwa miguu mtaani humo kwa muda mrefu, huku akitafuta kichwa, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani, cha Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi aliyenyongwa na Wajerumani Machi 2, 1900. Ukibahatika kupata matembezi ya Berlin Postkolonial, chama alichoshiriki kukianzisha, acha mengine yote uende.

Kuna kituo kingine ambacho hakimo kwenye njia nyingi za watalii, nacho ni kidogo kuliko kiganja. Teremka Rosenthaler Platz kwa mstari wa U8, utafute Brunnenstraße 193, uangalie chini. Ni bamba la shaba la mraba, sentimita kumi hivi kila upande, limepigiliwa kati ya mawe ya njia. Limeandikwa jina la Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, akatumikia jeshi la Wajerumani katika Vita ya Kwanza ya Dunia akiwa mtoto pamoja na baba yake, akaja Berlin kudai mishahara yao ambayo haikulipwa. Alikataliwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafa humo Novemba 24, 1944. Shaba ile hufifia kwa vumbi na mvua, na wakazi wa Berlin wana desturi ya kuisugua. Chukua kitambaa. Soma Fatiha kama wewe ni Muislamu, au sala yako.

Mambo ya njiani sasa. Machi Berlin ni baridi ya kweli. Kinachoumiza zaidi ni kusimama kuliko kutembea, hivyo soksi nzito na kofia ya kufunika masikio ni muhimu kuliko koti zuri. Choo cha mjini mara nyingi hulipiwa, weka sarafu na kadi. Tiketi ya karatasi ya treni sharti uigonge muhuri kwenye kimashine kilichopo jukwaani kabla hujapanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida na faini ni euro 60, hawasikilizi maelezo. Usisimame kwenye njia ya baiskeli, hata kwa picha moja, na taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu subiri hata kama hakuna gari, hasa penye watoto.

Ukiwa kwenye kundi, kaa mbele, upande ulio mbali na barabara, utasikia kila neno. Usirekodi kwa simu muda wote. Andika majina mawili matatu, utayasoma usiku. Na kama Kiingereza chako hakikimbii, mwambie mwongozaji mwanzoni; wengi wao si wazaliwa wa Kiingereza pia, watapunguza kasi kwa furaha.

Yale matembezi ya ukoloni hayapatikani kila siku kama yale ya langoni. Mengi hupangwa kwa makundi na kwa Kijerumani, kwa hiyo waandikieni wahusika wiki kadhaa kabla, mkiwa watu watano au sita wa ITB mnaochangia gharama, na semeni wazi kwamba mngependa mwongozaji anayejua Kiswahili. Februari, wakati mnahangaikia visa na vipeperushi, ndio wakati wa kutuma barua pepe hiyo.