Hobbiton ipo, Edoras ndo haipo

Kuna mnaosema Hobbiton, kile kijiji cha hobbit (vijitu vifupi) kwenye filamu za The Lord of the Rings, imebomolewa. Haijabomolewa mkuu, seti yake iko kwenye shamba la kondoo karibu na Matamata, New Zealand. Ile seti ya kwanza ya 1999 ilikuwa ya muda tu, sehemu kubwa ikavunjwa, ila walipokuja kushuti filamu za The Hobbit wakaijenga upya kwa vifaa vya kudumu ndo maana vile vimilango vya duara bado viko. Nimefika mwenyewe, ule mwaloni juu ya Bag End, nyumba ya hobbit Bilbo, ukiusogelea unaona majani ni ya bandia, yamefungwa kwa waya, nilisimama pale nikashangaa. Kuingia lazima na mwongozaji so bukini mapema. Edoras sasa, ule mji wa mfalme kwenye filamu hizo za The Lord of the Rings, ulishutiwa kwenye kilima cha Mount Sunday huko huko New Zealand, seti waliing'oa yote, utakuta kilima kitupu na upepo, lakini mandhari yake jamani, msiiruke.