Umechaguliwa Arusha na Mtwara? Jua kwanza utalala wapi

Mdogo wangu, nimekuelewa. Umepata shahada ya uhasibu sehemu mbili, Chuo cha Uhasibu Arusha na Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) kampasi ya Mtwara. Uko Masasi, mkopo haujatoka, mama hataki uende mbali, na mama mdogo wa Ngaramtoni, nje kidogo ya mji wa Arusha, amesema njoo, chumba kipo. Muda wa kuthibitisha chuo kimoja unaisha. Waliotangulia kukujibu wengi wamesema "nenda Chuga (Arusha) ukaone dunia". Mimi ni mtu wa Nachingwea, nilisoma hapo Njiro, kilipo hicho Chuo cha Uhasibu, na mpaka leo naishi Arusha, kwa hiyo nivumilie, nitakuwa mrefu.

Tuanze na mama. Anaposema usiende mbali anafikiri Mtwara ni nyumbani, na Mtwara si nyumbani. Masasi hadi Mtwara mjini ni karibu kilomita 200, huwezi kwenda na kurudi kila siku. Huko nako utapanga chumba, utanunua godoro, ndoo na jiko, utalipa LUKU. Kinachotofautiana ni nauli na kiroba. Ukiwa Mtwara, unga, mbaazi na hata ming'oko vinapakiwa kwenye basi asubuhi, jioni uko jikoni unapika. Arusha utakula cha kununua. Na kwenda nyumbani ni safari hasa: Masasi hadi Dar siku nzima, unashukia Mbagala na mizigo, unavuka jiji kwenda Mbezi, kisha siku nyingine nzima kupitia Segera na Same. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 unaweza kuunganisha bila kulala Dar, ila utafika umevimba miguu. Barabara ya kusini nayo unaijua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, watu walikwama. Weka akilini kwamba utarudi Masasi mara moja kwa mwaka, labda mbili mfuko ukiruhusu. Mwambie mama hivyo hivyo, asije akakutegemea Pasaka.

Kuhusu jina la chuo, punguza presha. CPA, cheti cha mhasibu kamili, inatoka NBAA, bodi ya wahasibu, na mtihani ni mmoja, haukuulizi ulisomea wapi. Na kwenye field, yaani mafunzo kwa vitendo, watu wanapenda kusema Arusha kuna ofisi nyingi. Kweli zipo: TANAPA (hifadhi za taifa), Jumuiya ya Afrika Mashariki, hoteli, kampuni za utalii kila kona. Lakini barua za kuomba field zinazopelekwa huko ni rundo, maana Arusha na Usa River kuna vyuo kibao na wote wanataka hapo hapo. Kwenu kuna Bodi ya Korosho, bandari, Dangote, vyama vikuu vya ushirika MAMCU na TANECU, na AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) vijijini ambazo nyingi zinamhitaji mtu anayejua kufunga vitabu. Mimi field ya mwaka wa pili nilirudi kusini nikafanya kwenye ushirika. Nilivyokwenda kwenye usaili wa kazi niliyonayo sasa, robo tatu ya maswali yalikuwa ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada: mkulima anakatwa nini, nani anashika fedha kabla hazijafika benki. Wenzangu waliofanya field kwenye hoteli zenye jina waliishia kubandika risiti.

Kwa hiyo mimi Arusha sikuuzii kwa sababu ya ofisi. Ninachoipendea ni kitu kingine: hukuti mtu wa kukusemea. Nachingwea nilikuwa binti wa mwalimu fulani. Hapa nilikuwa mimi, na nililazimika kujua kuongea na mhasibu wa chuo, mwenye nyumba, bosi wa field, wote kwa mdomo wangu mwenyewe. Wengine hicho hawakihitaji, na si dhambi.

Sasa mama mdogo. Hapa ndipo penye uzito, na wengi wamepita haraka.

Muhula wa kwanza nilikaa Sakina kwa baba mdogo. Watu wazuri, hawakunitesa, hawakuninyima chakula, na nisingependa mtu asome hapa adhani nawasema vibaya. Lakini ndugu akikupokea nyumbani kwake, wewe si mpangaji, wewe ni mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba ana kazi. Saa kumi na moja alfajiri nabandika maji, natengeneza chai, nawavalisha watoto wawili, nasubiri nao gari la shule getini. Hakuna aliyeniambia nifanye. Ungekaaje kitandani na mke wa baba mdogo yuko jikoni na mtoto mgongoni? Kipindi saa mbili. Kifodi (daladala) hadi mjini, kifodi kingine hadi Njiro, nafika mwalimu yuko ubao wa pili. Mchana sawa. Tatizo lilikuwa jioni. Wenzangu diskasheni ilianza saa moja usiku baada ya kula, mimi saa kumi na mbili natakiwa niwe kwenye gari kwa sababu binti kurudi saa tatu usiku nyumba ya watu hakuna maelezo yanayotosha. Kazi za vikundi jina langu waliliandika kwa huruma. Siku moja mmoja akaniuliza, bila ubaya kabisa, "Hivi wewe uko grupu letu?"

Ngaramtoni ni mbali kuliko Sakina. Piga hesabu: gari hadi mjini na gari hadi Njiro, kila moja kati ya shilingi 600 na 700, kwenda na kurudi ni magari manne, kama 2,500 kwa siku. Siku 22 za masomo kwa mwezi ni 55,000. Hiyo ni kodi ya chumba cha kawaida cha mwanafunzi, unaimalizia kwenye siti ya kifodi. Ile "bure" ya mama mdogo haipo.

Hata hivyo usimkatalie kwa simu. Hilo ni kosa ambalo mama yako ndiye atakayelibeba kwenye ukoo. Fikia kwake. Kaa wiki mbili tatu za mwanzo, ujue mji, upate mtu wa kukusindikiza kutafuta chumba, maana dalali akiona binti mgeni peke yake bei inapanda hapo hapo. Kuondoka kwangu kulisemwa na baba yangu, si mimi. Alimpigia mdogo wake, akaanza kwa shukrani ndefu, akaulizia watoto mmoja mmoja, ndipo akasema chuo kimebana ratiba, mtoto inabidi asogee karibu. Baba mdogo akasema sawa kaka. Baada ya hapo Jumapili nilikuwa naenda Sakina na kilo ya sukari, nakaa nao mpaka saa kumi, na tulipendana kuliko nilipokuwa naishi nao.

Ombi la hosteli ya chuo tuma mara tu mfumo unapofunguka, usisubiri ufike. Nafasi huwa chache na anayechelewa anaishia kulala kitanda kimoja na mwenzake. Ukikosa, tafuta geto, yaani chumba cha kupanga, Njiro penyewe au Kijenge, mahali unapoweza kutembea kwa miguu kutoka diskasheni mkiwa wawili watatu. Ukiwa umbali wa bodaboda, kila usiku ni hela na ni roho mkononi. Pungukiwa kwenye vitu vingine, hapo usipungukiwe.

Chumba nilichoanza nacho kilikuwa 40,000 kwa mwezi, choo cha kushea. Leo cha namna ile nisingetegemea chini ya 50,000. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Kabla hujatoa senti uliza umeme uko vipi. Sabumita (mita ndogo ya chumba) yako mwenyewe au mnachangia LUKU? Nyumba niliyohamia tulikuwa wapangaji sita kwenye mita moja, kila mtu 5,000. Kulikuwa na kaka mmoja alikuwa na pasi, hita ya maji na spika kubwa kama kabati, na yeye 5,000 ile ile. Uniti zikiisha saa nne usiku kabla ya mtihani, kila mlango kimya, wote wanasubiri mwenye mtihani ndiye anunue. Mwenye mtihani ni wewe.

Uliza na maji yanatoka wapi. Maji ya pande hizi za Meru yana floraidi nyingi sehemu kadhaa, hasa visima, na kuchemsha hakuitoi. Wakikuambia meno yako yatakuwa ya kahawia usitishike, doa lile huingia utotoni jino likiwa bado linaumbwa, yako yameshaota. Ila maji ya kunywa kwa miaka mitatu chagua ya bomba yaliyopimwa, usinywe ya kisima cha uani kwa sababu tu ni matamu.

Baridi nisikudanganye, ipo. Utafika Oktoba au Novemba uone kawaida, useme watu wa pwani wanadeka. Subiri Juni. Blanketi zito na sweta usinunue Masasi, njoo uchague kwenye mitumba ya Krokon kwa bei ya kuongea.

Turudi kwenye fedha, kwa sababu uthibitisho unaufanya sasa na mkopo unatangazwa baadaye, kwa makundi. Amua kama vile mkopo ni sifuri. Ukitoka, fedha ya kujikimu ni 10,000 kwa siku (sisi ilikuwa 8,500), inakuja kwa awamu, kwa hiyo boom, ndivyo tunavyoiita fedha hiyo, la siku 60 ni laki sita. Kodi ya miezi sita inakula laki tatu hapo hapo. Na boom la kwanza la mwaka wa kwanza usilipangie tarehe. Watu wanasajiliwa, wanasaini, wanasubiri, na tumbo halisubiri. Njoo na fedha ya kula miezi miwili ambayo haina uhusiano na Bodi ya Mikopo.

Kwenu mna bahati moja ambayo mtu wa Arusha hana. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, chuo kinafunguliwa wakati huo huo. Ikiwa mama ana mikorosho, fedha ya mwaka mzima inaingia kati ya hapo na mwanzoni mwa mwaka, halafu Aprili hadi Juni nyumba nzima ni kavu. Kwa hiyo kodi ya chumba lipeni ya mwaka, siyo ya miezi sita, ili deni lisidondokee mwezi wa tano. Ada hivyo hivyo, malizeni kubwa wakati wa msimu. Na kiasi kidogo cha korosho zilizobanguliwa kisiuzwe huko, uje nacho. Nilikuwa nakaanga jikoni kwangu, nafunga vipakti, nauza hosteli na kwa walinzi wa Njiro. Bei ya huku na ya Nachingwea haikuwa inasalimiana. Vocha na sabuni zilitoka huko miaka yote mitatu.

Kwa hayo uliyoandika, na kama mikorosho ya mama inaweza kubeba ada ya mwanzo, kodi ya mwaka na chakula cha miezi miwili hata Bodi ikikunyima kabisa, mimi ningethibitisha Arusha. Kama inabidi mama akope ili ufike, thibitisha Mtwara bila aibu, na hiyo field ya ushirika utaifanya vizuri kunishinda. Kama mpango wa Arusha unasimama kwa sababu ya chumba cha Ngaramtoni tu, basi mpango huo haujasimama, chukua Mtwara.

Vitu viwili vya kufanya leo. Soma tena pale ulipochaguliwa uangalie kampasi, maana Uhasibu Arusha ina kampasi Babati, Dodoma na Dar pia, na kuna mtu darasani kwetu aliyemaliza wiki Njiro ndipo akajua yeye ni wa Babati. Na namba ya siri ya kuthibitisha inakuja kwa SMS kwenye laini uliyoombea. Kama uliombea kwa laini ya kaka na kaka yuko shamba, mfuate.