Kupima mkojo wa askari: usianze na kufukuza

Jambo, afande. Umesema kikosi chako hapa Bukavu kimeletewa vipimo vya mkojo vya kutafuta dawa za kulevya, na unataka kumfukuza kila atakayekutwa na kitu. Nakuomba, ngoja kwanza. Mimi nafanya kazi maabara.

Kipimo cha haraka kinatoa dokezo tu. Askari aliyemeza dawa ya kikohozi yenye kodeini anaweza kuonekana kama mtumiaji wa heroini. Tramadoli nayo, dawa ya maumivu inayolevya, kipimo cha kawaida cha afyuni (jamii ya heroini na kodeini) hakiioni. Inataka cha kwake. Bangi hubaki kwenye mkojo wa mvutaji wa kila siku kwa wiki kadhaa, kwa hiyo huwezi kujua kama alivuta akiwa zamu. Na kanyanga, pombe kali ya kienyeji, ambayo ndiyo inaniogopesha kuliko vyote kwa mtu mwenye bunduki, upime kwa pumzi, siku ileile.

Chupa ifungwe na kutiwa namba mbele ya askari mwenyewe, asaini. Majina yachaguliwe kwa kura, na lako liwemo. Usitamke jina la mtu kabla maabara kubwa haijarudia kipimo.

Marekani ilipoanza kuwapima askari waliokuwa wakiondoka Vietnam, mwaka 1971, waliokutwa na heroini walizuiwa kwanza watibiwe. Nawe, atakayejitokeza mwenyewe mpeleke kwa muganga, bunduki ibaki ghalani. Wengi wao wameona vita, afande, hawalali usiku. Na anayekunywa sana kila siku usimwachishe ghafla kambini: degedege linaweza kumuua. Huyo ni wa hospitali, leo.