Babu kukataa kuhudumiwa: korti inaangalia nini Kenya

Kaka, umeuliza kama babu kukataa msaidizi wa nyumbani na kugoma kwenda hospitali kunatosha korti iwape usimamizi wake na wa mali yake. Hapana, hayo tu hayatoshi, mtu mzima ana haki ya kuwa mkaidi kwenye nyumba yake. Kuomba huo usimamizi mnaenda Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Cap 248 kifungu cha 26 (hiyo sheria ilifanyiwa marekebisho 2022 so usibebe fomu za zamani), na kitu cha kwanza jaji anatafuta ni ripoti ya daktari inayoonyesha akili yake imeathirika kiasi hawezi kujiamulia mambo, sio barua tu ya kusema ana miaka 84 na anasahausahau. Nafanya kazi kwa wakili, hizi petisheni (maombi ya korti) nazichapa mimi, na nyingi zinakwama hapo kwa ripoti au kwa ndugu mmoja aliyekataa kusaini afidaviti (kiapo cha maandishi) ya kukubali. Halafu usishangae jaji akitaka kumuona mzee mwenyewe, hata kwa video, amuulize leo ni siku gani na watoto wake ni kina nani.

Na kama lengo ni shamba la babu, mjue mapema: hata mkipewa usimamizi hamuuzi wala kuweka rehani bila ruhusa ya korti, na mtatakiwa kutoa hesabu ya mali yake. Kwanza mpelekeni apimwe, wazee wengine ni sukari tu au dawa zimegongana.