Re: Mwanangu anajua jibu la kuzidisha ila hawezi kueleza

Dada, umesema mwanao wa darasa la tatu anajibu 6 × 7 ni 42 papo hapo, ila ukimuuliza amepataje anasema "najua tu". Usimkemee. Amekariri jedwali, na hilo lina faida yake. Lakini ni maelezo yake yatakayokuonyesha kama anaelewa kuzidisha ni nini.

Mimi ni mwalimu wa darasa hilohilo. Juzi mtoto mmoja alikwama kwenye 7 × 8, kisha akasema: "Mwalimu, saba mara saba ni 49, naongeza saba, 56." Mwenzake akabisha: "Hapana, unaongeza nane!" Sikuamua. Niliwapa vizibo vya soda. Walipanga mistari saba yenye vizibo saba, wakaona kila mstari unadai kizibo kimoja tu ili ufike nane. Mistari ni saba, basi vizibo ni saba. Yule mbishi aliona kosa lake akiwa anaeleza, kabla sijafungua mdomo. Nilifurahi mno.

Nyumbani chukua trei ya mayai: mistari mitano, kila mmoja mayai sita. Igeuze upande, muulize kama idadi imebadilika na amejuaje. Na badala ya "kwa nini?", ambayo watoto wengi husikia kama "umekosea", mwambie: "Mdogo wako hajui hili, utamwonyeshaje?" Akihesabu yai mojamoja hadi 30, mwache amalize, ndipo umuulize kama kuna njia fupi zaidi.